Kansa ya Mirija ya Nyongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mgonjwa, na pia wa yule anayemshika mkono kumpeleka hospitali, kukaa foleni na kubeba bahasha ya vipimo. Kipimo na dozi zilizotajwa humu ni za kukusaidia kuelewa unachoambiwa na kuuliza vizuri. Si za kujitibu.

Mirija ya nyongo iko wapi, na kansa yake huota sehemu gani?

Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo husaidia kumeng'enya mafuta. Tena ndiyo njia ambayo mwili hutumia kutupa bilirubini, takataka ya njano inayotoka kwenye chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Inatiririka ndani ya vijirija vyembamba vinavyoungana kama vijito, hadi inabaki mirija miwili, wa kulia na wa kushoto. Hiyo miwili hukutana kwenye lango la ini na kuwa mmoja, ambao hupokea tawi la mfuko wa nyongo, hupita kwenye kichwa cha kongosho, kisha humwaga kwenye utumbo mwembamba.

Mrija huo mkuu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu mzima upana wake wa kawaida ni kama milimita 6. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya karanga unatosha kuuziba wote, na ndiyo maana mtu anaweza kuugua sana wakati uvimbe wenyewe bado hauonekani vizuri kwenye picha.

Kansa inaweza kuanzia ndani ya ini, langoni, au chini karibu na kongosho. Mara nyingi huanzia langoni. Hiyo ya langoni huitwa uvimbe wa Klatskin, kwa jina la Gerald Klatskin, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1965. Zote tatu kwa jina la kitabibu ni kolangiokasinoma. Uliza tangu mwanzo ni ipi kati ya hizo, kwa sababu upasuaji wa moja haufanani na wa nyingine.

Je, si ndiyo hiyo hiyo kansa ya ini?

Hapana. Kansa ya ini inayojulikana zaidi Uganda huanzia kwenye chembe za ini lenyewe, na hufuatana na hepatitis B, kovu la ini na sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, aflatoksini. Damu yake hupimwa AFP, kiashiria cha kansa ya ini. Ya mirija huanzia kwenye ngozi ya ndani ya mrija, na dawa zake ni nyingine. Ile inayoanzia ndani ya ini huchanganywa na kansa ya ini mara nyingi, hasa pale ambapo uamuzi umetolewa kwa ultrasaundi peke yake.

Mzee wetu macho yamekuwa ya njano. Tuliambiwa ni homa ya manjano. Tutajuaje?

Neno lenyewe linaleta shida. Kwa Kiswahili watu husema "homa ya manjano", Kampala utasikia "enkaka", na majina yote mawili hufunika magonjwa mengi: virusi vinavyoletwa na mbu, hepatitis, malaria kali, selimundu, na mrija ulioziba. Njano ni dalili tu. Ukipewa dawa ya njano bila mtu kukueleza njano imetoka wapi, hujatibiwa bado.

Kuna mambo matatu unayoweza kuyaangalia nyumbani kabla ya kwenda popote.

La kwanza ni mkojo. Chukua mkojo wa asubuhi kwenye glasi au chupa inayoonyesha ndani, uuweke kwenye mwanga wa dirisha. Bilirubini ikiwa inapitia kwenye figo, mkojo huwa kama chai kavu iliyokolea, na ukitikisa chupa, povu lake nalo huwa la njano. Povu la mkojo wa kawaida ni jeupe hata kama mtu hakunywa maji.

La pili ni choo kikubwa. Rangi ya kahawia ya kinyesi hutokana na nyongo. Nyongo isipofika utumboni, kinyesi hupauka, kikawa kama udongo wa mfinyanzi mkavu, na kwa kuwa mafuta hayameng'enywi, huelea na kunuka vibaya. Hapa ndipo tofauti na malaria kali ilipo: malaria inayopasua chembe nyekundu inaweza kutoa mkojo mweusi kabisa, lakini kinyesi hakipauki.

La tatu ni kuwashwa mwili mzima bila vipele, hasa viganja na nyayo, kuzidi usiku. Kunaweza kuanza hata kabla macho hayajabadilika.

Macho yenyewe yatazame nje, mchana, kwenye weupe wa jicho na chini ya ulimi. Balbu ya njano ya sebuleni itakudanganya, kwa upande huu au ule.

Mtu mzima mwenye mambo hayo matatu pamoja ana mrija ulioziba hadi ithibitishwe vinginevyo. Hana haja ya kozi nyingine ya dawa za malaria. Anahitaji ultrasaundi ndani ya siku chache.

Lakini hasikii maumivu. Kansa si huuma?

Njano inayokuja polepole, bila maumivu, kwa mtu aliyepita miaka 50 na anayekonda, ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Jiwe la nyongo huuma ghafla, chini ya mbavu za kulia, na njano yake huenda na kurudi. Uvimbe huziba kimya kimya. Uvimbe wa ndani ya ini unaweza usilete njano kabisa, ukajulikana kwa uzito kupungua, uchovu na uzito fulani ubavuni.

Nini kingine kinaweza kuziba mrija?

Vingi, na baadhi vinatibika kabisa, kwa hiyo msikate tamaa kwa njano peke yake. Mawe ya nyongo ndiyo ya kwanza kufikiriwa, hasa kwa wenye selimundu, ambao hupata mawe meusi hata wakiwa vijana. Kansa ya kichwa cha kongosho hubana mrija kwa nje. Tezi za kifua kikuu langoni mwa ini hufanya hivyo hivyo. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, CD4 chini ya 100, maambukizi yanaweza kuikunja na kuibana mirija, na picha yake ikafanana na kansa. Minyoo mikubwa ya tumboni huweza kupanda hadi kwenye mrija. Na kuna makovu yanayobaki baada ya upasuaji wa mfuko wa nyongo uliokwenda vibaya.

Inasababishwa na nini? Ni kichocho cha ziwani?

Wagonjwa wengi hawapatikani na sababu moja ya wazi. Kinachofahamika ni kwamba mrija unaokaa umevimba na kuwashwa kwa miaka mingi ndio unaopata kansa: mawe yaliyokwama ndani ya ini, uvimbe wa kuzaliwa nao kwenye mrija, ugonjwa wa makovu ya mirija unaofuatana na vidonda vya utumbo mpana, hepatitis B na C, kovu la ini, kisukari, unene, sigara na pombe nyingi, waragi ikiwemo.

Utasoma mahali kwamba inaletwa na minyoo ya samaki wabichi. Ni kweli, lakini kwa kule Thailand, Laos, China, Korea na Vietnam, ambako kuna aina mbili za minyoo bapa zinazoishi ndani ya mirija ya nyongo na watu hula samaki wa maji baridi bila kumpika. Mukene (dagaa) aliyekaangwa au sato wa kuchemsha wa Ziwa Victoria si habari hiyo.

Kichocho cha tumbo, cha Ziwa Albert na Victoria, hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na ini, si ndani ya mirija. Huharibu ini kwa makovu na kuleta kutapika damu, na kinafaa kutibiwa kwa haki yake, ila hakihesabiwi kuwa chanzo kilichothibitishwa cha kansa hii.

Haiambukizi. Sahani, kitanda, ndoa: hakuna cha kutenga. Hepatitis B ndiyo inayoambukiza, nayo ina chanjo. Watoto Uganda wameipata ndani ya chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14 tangu mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo, hasa kaskazini ambako virusi vimeenea zaidi, wapimwe, na wasionavyo wachanjwe.

Vipimo vianze na kipi?

Mpangilio ni muhimu kuliko wingi. Familia hutumia pesa nyingi kwa vipimo vilivyopangwa kinyume.

Anza na damu na ultrasaundi, vyote hupatikana katika hospitali za rufaa za mikoa. Kwenye damu, omba vipimo vya ini vyote, si bilirubini peke yake. Mrija ukiziba, vimeng'enya vya ini vinavyoitwa ALP na GGT hupanda mara nyingi juu ya kawaida, huku vingine, ALT na AST, vikipanda kiasi. Kwenye hepatitis kali mambo hugeuka, ALT ndiyo inayopaa. Bilirubini ya kawaida haizidi 20 hivi kwa vipimo vya mikromoli kwa lita. Angalia kizio, kwa sababu maabara nyingine huandika kwa miligramu, ambako kawaida haizidi 1.2, na watu hulinganisha karatasi mbili wakadhani mgonjwa amepona ghafla. Pamoja na hayo, pima figo, hesabu kamili ya damu, hepatitis B na C, VVU, na INR, yaani kasi ya damu kuganda. Bila nyongo utumboni mwili haufyonzi vitamini K, damu huwa nyepesi, na sindano ya vitamini K hutolewa kabla ya mtu kuchomwa au kukatwa popote.

Kisha CT ya tumbo yenye dawa ya mshipani, ikipigwa kwa awamu, au MRI ya mirija inayoitwa MRCP, ambayo huchora mirija yote bila kuingiza kitu mwilini. Hii ifanyike kabla ya kuwekewa stenti, kijibomba cha kupitisha nyongo. Stenti ikishaingia, mirija husinyaa na kuvimba kuta zake, hewa huingia, na mpaka wa uvimbe hauonekani tena. Daktari wa upasuaji hubaki anakisia. Mgonjwa mwenye homa kali hawezi kungoja, huyo atafunguliwa kwanza. Lakini asiye na homa anaweza kuvumilia siku chache za picha.

Ripoti ya ultrasaundi tuisome vipi?

Tafuta mambo matatu. Mirija ya ndani ya ini imepanuka au la? Mrija mkuu una milimita ngapi? Mfuko wa nyongo umejaa au umesinyaa? Mirija ya ndani imepanuka lakini mfuko umesinyaa: kizuizi kiko juu, langoni. Vyote vimepanuka na mfuko umejaa kama puto: kizuizi kiko chini, upande wa kongosho. Hakuna kilichopanuka: tatizo huenda liko kwenye ini lenyewe. Ripoti inayosema tu "ini liko sawa" kwa mtu wa njano haijajibu swali, mrudishe akapigwe tena, akiwa amefunga kula kwa muda wa saa 6 hadi 8 ili mfuko uonekane.

CA 19-9 imetoka juu. Basi ni kansa?

Si lazima. CA 19-9 ni kiashiria cha kansa kinachopimwa kwenye damu, na kawaida yake ni chini ya 37. Mrija ukiziba kwa jiwe au ukiingiwa na wadudu, namba hii inaweza kupanda hadi mamia, kisha ikashuka nyongo ikifunguliwa. Na kuna watu, kama 5 hadi 10 kati ya 100, ambao miili yao haiitengenezi kabisa kwa sababu ya aina ya damu yao. Kwao namba ndogo haina maana yoyote. Kipimo hiki hufaa zaidi kikirudiwa baada ya njano kushuka, na kufuatilia kama dawa zinafanya kazi.

Kwa nini daktari wa upasuaji amekataa kuchukua kinyama?

Kinyama ni kipande kidogo cha uvimbe kinachopelekwa maabara. Huenda daktari anafanya jambo sahihi. Ikiwa uvimbe unaonekana unaweza kuondolewa wote, sindano inayopita tumboni inaweza kubeba chembe za kansa na kuzipanda njiani. Hapo huamua kupasua kwa ushahidi wa picha, na nyama hupimwa baadaye. Lakini kabla ya kemotherapia, kinyama ni lazima. Mtu asianzishiwe dawa za kansa kwa picha peke yake, hasa nchi ambayo kifua kikuu kinaweza kuiga karibu kila kitu.

Brashi inayopitishwa ndani ya mrija kwa ERCP, yaani kwa kamera ya mdomoni, hukosa kansa mara nyingi, nusu ya wenye nayo au zaidi. Jibu la "hakuna kansa" kutoka kwa brashi si cheti cha kupona.

Upasuaji unaweza kuiponya?

Upasuaji ndio unaotoa nafasi halisi ya kupona, na wengi hufika wakiwa wamechelewa. Uvimbe wa chini huondolewa kwa operesheni ya Whipple: kichwa cha kongosho, sehemu ya utumbo mwembamba, mfuko na mrija. Wa langoni huhitaji kukata nusu ya ini au zaidi pamoja na mrija, kisha kuunganisha utumbo na mrija uliobaki. Wa ndani ya ini, hukatwa kipande cha ini.

Haifanyiki ikiwa kansa imefika kwenye mapafu, kwenye utando wa tumbo, au imezunguka mishipa ya damu ya pande zote mbili. Ni operesheni ya saa nyingi, yenye hatari ya nyongo kuvuja, damu kutoka na ini lililobaki kushindwa kazi. Uliza waziwazi: timu hii hufanya operesheni hii mara ngapi kwa mwaka? Swali hilo si utovu wa adabu.

Baada ya upasuaji, kapesitabini, kemotherapia ya vidonge, kwa miezi 6 ndiyo desturi tangu utafiti wa Uingereza uitwao BILCAP, uliochapishwa 2019: siku 14 za kumeza, siku 7 za kupumzika, mizunguko 8. Vidonge vimezwe ndani ya nusu saa baada ya chakula. Ngozi ya viganja na nyayo ikianza kuwaka na kuchubuka, au kuharisha kukizidi mara nne juu ya kawaida ya siku, simamisha na umpigie daktari siku hiyo hiyo. Usimalize pakiti kwa ushujaa.

Kupandikiziwa ini hufikiriwa kwa wachache sana wenye uvimbe mdogo wa langoni. Uganda ilipitisha sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, ila kwa mgonjwa wa leo hii bado si njia ya karibu.

Stenti ni nini, na tuchague ipi?

Ni kijibomba kinachowekwa ndani ya mrija ili nyongo ipite. Huingizwa kwa kamera kupitia mdomoni, ndiyo ERCP, inayofanywa katika hospitali chache, nyingi zikiwa Kampala. Ya plastiki ni nafuu, lakini uchafu wa nyongo na bakteria huiziba baada ya miezi 3 hivi, na lazima ibadilishwe. Ya chuma hupanuka yenyewe, hudumu miezi mingi zaidi, na bei yake ni kubwa. Hesabu iko hivi: anayetarajiwa kuishi zaidi ya miezi 3 au 4 mara nyingi huokoa pesa kwa ya chuma, kwa kuwa kila kubadilisha plastiki ni safari, kitanda na hatari mpya. Ila ya chuma isiyofunikwa haitoki tena, kwa hiyo isiwekwe kabla kansa haijathibitishwa na upasuaji kuondolewa kwenye mpango.

Andika tarehe ya kuwekwa stenti kwenye jalada la kitabu cha hospitali. Familia nyingi husahau, na mgonjwa hurudi na homa mwezi wa tano.

Njano haiondoki kesho yake. Bilirubini hushuka polepole kwa wiki kadhaa. Mkojo ndio unaoanza kung'aa, kisha kinyesi hurudi rangi, macho huja mwisho.

Mgonjwa ana mrija ubavuni na mfuko. Tuutunze vipi nyumbani?

Hii ni njia ya kutoa nyongo kupitia ngozi na ini, hasa kwa uvimbe wa langoni ambao kamera haikuufikia. Nawa mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kuugusa. Mfuko ukae chini ya usawa wa tumbo, umwagwe ukijaa nusu, maana ukijaa wote huvuta. Pima kwa kikombe chenye alama na uandike kila siku; wengi hutoa kati ya mililita 400 na 800. Rangi nzuri ni ya dhahabu hadi kijani-kahawia.

Mkifundishwa kusafisha mrija, ni mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi safi ya hospitali, kwa bomba jipya la sindano. Sukuma polepole. Usivute kurudisha, unaweza kupandisha uchafu wa utumbo hadi ndani ya ini. Ikigoma, acha, usilazimishe. Bandeji ibadilishwe mara mbili au tatu kwa wiki, na kila inapolowa.

Chora mstari kwa kalamu kwenye mrija pale unapogusa ngozi. Mstari ukisogea, mrija umetoka. Kwenye bodaboda usiuache unaning'inia: upitishe ndani ya nguo, ubandike plasta mara mbili kwenye ngozi, mfuko ufungwe pajani. Ukichomoka wote, funika tundu kwa kitambaa safi na nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu njia yake hujifunga haraka.

Kama nyongo inazidi lita moja na nusu kwa siku, mgonjwa anapoteza chumvi na maji. Mpe ORS na mjulishe daktari. Ikikoma ghafla huku macho yakirudi kuwa ya njano, mrija umeziba.

Kila homa ikimbiziwe hospitali?

Ndiyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, kwa mtu mwenye mrija ulioziba au stenti, ni usaha ndani ya nyongo hadi ithibitishwe vinginevyo. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini jibu chanya lisizuie antibiotiki za mshipani wala kufunguliwa kwa mrija. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Akichanganyikiwa au presha ikishuka, hayo ni masaa, si siku. Kituo cha afya cha ngazi ya 4 kimwanzishie dripu na antibiotiki, kisha kimsafirishe.

Kemotherapia inatolewaje?

Mchanganyiko wa kawaida ni jemsitabini na sisplatini, kwenye mshipa, siku ya 1 na ya 8 ya kila wiki tatu. Utafiti wa ABC-02 wa mwaka 2010 ulionyesha wagonjwa waliopata zote mbili waliishi wastani wa miezi 11.7, na waliopata jemsitabini peke yake miezi 8.1. Tangu 2022 nchi nyingine huongeza dawa ya kuamsha kinga ya mwili, duvalumabu au pembrolizumabu. Faida yake ya ziada ni ya kiasi, bei yake si ya kiasi.

Dawa haianzi kabla bilirubini haijashuka karibu na kawaida. Hapa ndipo wengi hukwama: stenti imechelewa, njano haishuki, nguvu zinaisha. Kabla ya kila dozi hupimwa damu na figo. Sisplatini huumiza figo na masikio, hivyo maji mengi ya mshipani huandamana nayo, na mgonjwa anayesikia mlio masikioni aseme. Jemsitabini hushusha chembe nyeupe na zile za kugandisha damu. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa ziwekwe mbali.

Taasisi ya Kansa ya Uganda, pale Mulago, Kampala, iliyoanza mwaka 1967, ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia. Kuna pia huduma za kansa zinazojengwa mikoani, Mbarara na Gulu zikiwemo, kwa hiyo uliza kama dozi fulani zinaweza kutolewa karibu na nyumbani.

Kuwashwa kunamnyima usingizi. Tufanye nini?

Dawa ya kweli ni kufungua nyongo. Piritoni na wenzake humlaza tu, hazigusi chanzo. Kolestiramini ya unga, gramu 4 ndani ya maji au juisi, hushika chumvi za nyongo utumboni, na mrija ukiwa umeziba kabisa haina cha kushika. Dawa nyingine zimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 baada yake. Rifampisini kwa dozi ndogo na setralini husaidia wengine. Lakini tahadhari: rifampisini hushusha nguvu ya dolutegraviri, kwa hiyo anayetumia ARV lazima aseme kabla haijaandikwa, ili dozi irekebishwe. Kucha fupi, maji ya vuguvugu badala ya moto, mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga, shuka la pamba.

Ale nini? Tumeambiwa asile mafuta kabisa.

Msimfungie chakula mtu anayekonda. Mafuta yapunguzwe ikiwa kinyesi kinaelea, lakini sosi kidogo ya karanga juu ya matoke si sumu. Karanga ziwe safi, zisiwe na ukungu. Milo midogo mara tano au sita, uji wa maziwa, mayai, maharage yaliyopondwa, mukene wa kusaga ndani ya posho laini. Pombe isimame kabisa.

Na mululuza?

Mululuza na mimea mingine michungu hupewa wenye njano kwa sababu watu huamini uchungu husafisha ini. Mrija ulioziba ni bomba lililoziba, hakuna jani linalolizibua. Njano ya hepatitis A huisha yenyewe, ndiyo maana waganga wana mashahidi. Kama mgonjwa ameshakunywa, mwambie daktari bila aibu, aina na muda, kwa kuwa baadhi ya mitishamba huumiza ini na figo, na kemotherapia juu yake ni hatari.

Maumivu yatatulizwaje? Mofini si ya mtu anayekufa?

Mofini ni ya mtu mwenye maumivu. Uganda ina bahati hapa: mofini ya maji hutolewa bure, na tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Anne Merriman, ina vituo Makindye, Mbarara na Hoima, na wahudumu wake huwafuata wagonjwa nyumbani.

Kwa mwenye njano na mdhaifu huanza na miligramu 2.5 kila saa 4, kisha hupandishwa. Soma lebo kila chupa mpya, kwa sababu mofini hiyo ina nguvu tofauti, na mililita 5 za chupa moja zinaweza kuwa mara kumi ya nyingine. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, ianze siku hiyo hiyo. Parasetamoli inafaa pia, lakini ini likiwa baya isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500.

Ataishi muda gani?

Inategemea mahali pa uvimbe, kama umeondolewa wote, na nguvu zake leo. Katika BILCAP, waliopasuliwa kisha wakapata kapesitabini, nusu yao walikuwa hai baada ya miezi 51. Kwa kansa iliyosambaa, hesabu huwa ya miezi, na bila kufunguliwa nyongo huwa fupi zaidi. Muulize daktari kwa maneno haya: "Tupange kwa wiki, kwa miezi, au kwa miaka?" Wengi walioshindwa kujibu lile la kwanza watajibu hilo. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anataka kusikia. Si kila mzee anataka watoto wamfiche.

Jumatatu tunaenda Mulago. Tubebe nini?

Barua ya rufaa. Diski ya CT au MRI yenyewe, si karatasi ya maelezo tu, kwani daktari wa upasuaji lazima azione picha kwa macho yake. Karatasi zote za damu zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Ripoti ya kinyama, na namba ya sampuli maabara, maana nyama iliyohifadhiwa inaweza kuombwa ipimwe tena bila kumchoma mgonjwa upya. Dawa zote anazomeza, ndani ya pakiti zake, ARV na mitishamba zikiwemo. Kitambulisho cha taifa. Daftari la homa, uzito na mililita za mfuko. Ndugu wawili, mmoja akae na mgonjwa, mwingine akimbizane na madirisha. Na asile kitu asubuhi hiyo, huenda wakataka ultrasaundi upya. Dawa zake za presha azimeze na maji kidogo, za kisukari aulizie kwanza.